Tunasubiri Fedha

Siku waliyoniaga maabara walinipa keki, saa ya ukutani na maikrofoni. Keki nilikula, saa nimeitundika sebuleni, maikrofoni nikamrudishia mwenyewe. Mtu aliyetumia umri wake akishughulika na vipande vya nyama vilivyozamishwa kwenye nta hajui kuhutubia. Lakini vijana wa pale hawakuniacha. Walisema kama sitaki kusema, basi niandike. Nimeandika, na nawaonya mapema kwamba humu hamna habari za vyeo wala mishahara. Habari za fedha zimo, ila si ile mnayoifikiria.

Nilifika Kibiti miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena. Sabuni ilikuwa imerudi, khanga zimerudi, na kila mwenye kibanda alikuwa akisema "ruksa" hata pale ambapo hakuna aliyemwomba ruhusa. Hospitali tu ndiyo ilikuwa haijapata habari hizo. Nilishuka kwenye basi na sanduku langu la bati, nikaelekezwa maabara, nikamkuta mkuu wangu wa kazi, Bwana Mbonde, amekaa mlangoni ananoa kisu. Kilikuwa kisu kizito cha mashine ya kukatia vinyama, vile vipande vya nyama vya kwenye nta, na alikuwa akikipitisha juu ya mkanda wa ngozi polepole kama kinyozi asiye na mteja.

"Umetoka wapi?" aliniuliza.

"Tabora."

"Mnyamwezi?"

"Ndiyo."

"Haya, mtani wangu kaletwa. Babu zenu walikuwa wakija pwani na mizigo kichwani. Wewe umeleta nini?"

Nikamwambia kwamba babu zangu walileta pembe za ndovu, na watu wa pwani ndio waliobaki na faida, kwa hiyo nimekuja kudai. Alicheka kwa pua, akanisogezea stuli, akanipa kisu cha pili na mkanda wake. Hakuna aliyenikaribisha kwa maneno mengine zaidi ya hayo. Niliambiwa ninoe, nikanoa, na jioni mkono wa kulia ulikuwa haunyanyuki.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya wodi ya wanaume. Kabla yangu ulikuja mradi wa magonjwa ya ngozi kutoka nje. Ukakaa, ukapima, ukapiga picha, ukaondoka. Ulituachia mashine ya kukatia vinyama, tanuri dogo la nta, darubini nzuri kuliko zote nilizoziona chuoni, na kabati la chupa ambazo nyingi zilikuwa tupu. Kwa sababu ya urithi huo, hospitali yetu ndogo iliweza kufanya kazi ambayo wenzetu walilazimika kuituma Dar es Salaam. Iliweza siku ambayo umeme upo, maji yapo na dawa zipo. Siku ya namna hiyo tuliizungumza zaidi kuliko tulivyoiona.

Kwa wale watakaosoma haya bila kuwahi kuvaa koti jeupe, nieleze kidogo. Daktari akimkata mgonjwa kipande kidogo cha nyama, ndicho tunachokiita kinyama, sisi tunakizamisha kwenye nta, tunakikata vipande vyembamba mno, tunavibandika kwenye kioo ambacho sote tunakiita slaidi, kisha tunavitia rangi. Rangi za kawaida zinaonyesha nyama ya mtu vizuri. Kuvu, au fangasi kama wanavyosema watu wote, inaweza kukaa humo humo na usiione, kwa maana inafanana rangi na nyama iliyoizunguka. Hapo ndipo fedha inapohitajika. Nasema madini ya fedha, haya haya ya pete na bangili, yakiwa yameyeyushwa kwenye chupa. Kipande unakipitisha kwanza kwenye asidi ili ganda la kuvu lifunguke, kisha unakiweka kwenye maji ya fedha ya moto. Fedha inaling'ang'ania lile ganda na kuligeuza jeusi tititi. Nyama unaipaka kijani. Kazi ikienda sawa, unapata nyuzi nyeusi safi juu ya kijani, na ni kitu kizuri kukitazama. Ikienda kombo, unapata mkaa.

Mimi sikuanza hata na mkaa. Mara ya kwanza Bwana Mbonde alinipa kila kitu, akakaa pembeni na gazeti kuukuu. Nilipomimina dawa ya fedha kwenye bika nililolisuuza mwenyewe, maji yote yakawa meupe.

"Hilo tui," alisema bila kuinua kichwa. "Tia na samaki."

Maji ya kisima chetu yalikuwa na chumvi, kama visima vingi vya huku. Chumvi na fedha zikikutana zinagandana, na ule weupe ukishaingia kwenye slaidi unageuka vidoadoa vyeusi ambavyo mtu asiyejua atavihesabu kuwa ugonjwa. Haikutosha kuyaacha maji ya kisima. Hata chombo kilichooshwa kwayo kilikuwa kimeharibika. Kwa hiyo tulikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwenye kitabu chochote. Kabla ya kazi, kila bika lilitiwa maji yake na tone moja la fedha. Likitoka tui, linarudi kuoshwa. Wageni waliotutembelea walishangaa kusikia watu wazima wakiulizana, "Umepima tui?"

Masika tulikinga mvua uwanjani, mbali na mabati. Kiangazi tulinunua maji ya betri, yasiyo na chumvi. Nikiulizwa ruksa ilituletea nini, jibu langu ni hilo: muuza vipuri wa stendi alianza kuyaleta kwa madumu. Alituuliza tuna gari gani linalokunywa maji kiasi hicho. Bwana Mbonde akamjibu kwamba ni gari la kubeba wagonjwa, na tangu hapo akawa anatuwekea dumu letu pembeni.

Mengine niliyofunzwa na mzee yule nayataja kwa haraka. Koleo la chuma lisiguse maji ya fedha. "Vinaoneana wivu," alisema, na kweli chuma kikigusa tu, fedha inaacha kazi yake na kukikimbilia. Alichonga vibanio vya mianzi, na vile alivyochonga yeye ndivyo tulivyovitumia miaka yote. Fedha ikikumwagikia kidoleni, hutaona kitu mpaka ukatoke juani, na hapo doa linakuwa jeusi na halitoki kwa sabuni ya aina yoyote. Akina mama wa sokoni waliangalia vidole vyangu wakaniuliza ni harusi ya nani ile niliyopakiwa piko. Niliwajibu ni yangu, na bwana harusi bado anatafutwa. Mwisho kabisa inatakiwa dawa ya kuondoa fedha iliyobaki, na dawa hiyo ni ile ile wanayotumia wapiga picha kusafishia picha zao. Wao wanaiita haipo. Nilikwenda studio ya stendi nikamwambia mpiga picha, "Nimekuja kuomba haipo." Akanitazama. "Sasa dada, kama haipo unaiombaje?" Kumbe alikuwa ananitania, na alinipa robo ya mfuko.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa siku alipoletwa Shamte.

Alikuwa mtu wa Salale, huko ndani kwenye mikoko, analima mpunga na kutega kamba. Miaka ile wanunuzi wa kamba walikuwa wameanza kuingia delta na mabarafu yao, na mtu mwenye mtumbwi wake aliweza kulisha watoto. Zamani mwiba ulikuwa umemchoma kwenye unyayo. Ulitoka, kidonda kikapona, halafu mguu ukaanza kuvimba polepole, mwaka mpaka mwaka, ukatoboka matundu madogo yanayotoa usaha wenye chembe chembe. Hauumi sana ugonjwa huu, na ndiyo hila yake. Mtu anaendelea kufanya kazi mpaka mfupa unapoanza kuliwa. Mkewe, Bi Zaituni, mwanamke mfupi asiyesema sana, ndiye aliyemlazimisha kupanda boti kuja hospitali. Alikuwa akiuosha mguu ule mwenyewe kila asubuhi, hataki muuguzi amsaidie.

Daktari wetu, Dakta Kavishe, alikuwa mtu wa Moshi, mrefu, mwenye haraka na maneno ya kukatika. Alitueleza maabara kama ilivyo. Ugonjwa wa Shamte una wazazi wawili. Kama umeletwa na kuvu, dawa tulizonazo hazitafanya kitu, na mguu ule itabidi ukatwe kabla haujapanda juu. Kama umeletwa na bakteria, kuna vidonge na sindano za miezi mingi, na mguu utabaki. Ukiziangalia chembe za usaha, zingekuwa nyeusi tungejua mara moja kwamba ni kuvu. Zilikuwa nyeupe, na nyeupe inaweza kuwa ya yeyote kati ya hao wawili. Usaha tuliupima kwa rangi ya bakteria, tukaona wadudu wa kila kabila, maana kidonda kilikuwa kimeshapakwa kila kitu kinachopatikana Salale. Ilibaki fedha. Kwenye fedha wote wawili huwa weusi, ila bakteria hawa ni nyuzi nyembamba sana na kuvu ni nyuzi nene zenye pingili. Mguu wa mtu ulikuwa unategemea unene wa uzi.

Dakta alimkata kinyama mguuni, nami nikakitia rangi. Bwana Mbonde alikuwa na homa siku hiyo, nikafanya peke yangu. Niliwasha jiko la mchina, lile la mafuta ya taa, nikachemsha, nikangoja, nikatoa. Dakta Kavishe akaja akainama kwenye darubini kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Naona nyuzi nene," alisema.

"Ndiyo, daktari."

"Ni nene kwa sababu ni nene, au kwa sababu umezipaka?"

Slaidi ile ilikuwa nyeusi kila mahali. Nyama nyeusi, chembe nyeusi, hata kingo za kioo zilikuwa na ukungu mweusi. Uzi mwembamba ukiuvisha koti juu ya koti, nao utaonekana mnene.

"Mimi siwezi kukata mguu kwa picha ya mkaa," alisema. "Lakini siwezi kungoja pia. Ule mfupa hauna subira. Nitafutie picha ninayoweza kuiamini."

Alitoka. Nilibaki nimekasirika, na kwa muda nilidhani nimemkasirikia yeye. Baadaye nikajua hasira ile ilikuwa ya ile slaidi. Nilijiambia sitakubali mtu atembelee magongo maisha yake yote kwa sababu jiko la mchina halijui kupunguza moto.

Bwana Mbonde aliporudi, homa bado machoni, tukaanza kuivunja kazi ile vipande vipande kutafuta palipoharibika. Kwanza unene wa kinyama chenyewe. Kisu kilikuwa kimeguguna, hakikukata, na kipande kinene kinabeba fedha nyingi. Akakinoa upya mpaka kikawa kinapasua unywele. Pili moto. Maji ya fedha yakipata moto mkali yanafanya kazi kwa pupa na kumwaga weusi hovyo. Tulichukua sufuria kubwa, tukaijaza mchanga wa mtoni uliooshwa, tukaiweka juu ya jiko, na ndani ya mchanga tukazika chombo cha maji ya fedha. Mchanga ukishika joto hauliachii upesi, na hata jiko likilipuka au kufifia, kipimajoto hakikusogea. Tatu fedha yenyewe. Tuliipunguza makali kwa nusu na kuipa muda mrefu zaidi, mtu asile haraka haraka akavimbiwa. Na tukaacha kukisia. Kila baada ya muda tuliitoa slaidi kwa kibanio cha mianzi, tukaisuuza, tukaitazama kwenye darubini ingali mbichi, tukairudisha. Nyama ikifikia rangi ya korosho iliyokaangwa vizuri, basi. Ikipita hapo, umeshaunguza.

Lakini utajuaje kama fedha yako leo ina nguvu au imelala? Unatakiwa uwe na slaidi ya shahidi, yaani nyama ambayo unajua kwa hakika ina kuvu, uitie rangi pamoja na ya mgonjwa. Mashahidi wa mradi walikuwa wamekwisha. Bwana Mbonde akaleta kutoka kwake kopa la muhogo lililoota ukungu wa kijivu, tukaupachika ukungu ule ndani ya kipande cha ini la mbuzi, tukakizamisha kwenye nta. Ini lililobaki lilikaangwa. Shahidi yule wa makopa ametumika pale miaka na miaka, na nikisikia mnamwita "kontroo" huwa nacheka moyoni.

Majaribio haya yalikula fedha. Siku tuliyofika mahali pa kusema sasa tunajua tunachokifanya, chupa ilikuwa imebaki na uchafu wa chini. Tukaagiza Dar. Bohari ya serikali haikuwa nayo. Duka la mtu binafsi Kariakoo lilikuwa nayo, na hilo nalo ni jambo jipya la miaka ile, ila masika yalikuwa yameshakata barabara na mabasi yalikuwa yamekwama kwenye tope njiani. Kila asubuhi Dakta Kavishe alichungulia mlangoni.

"Vipi?"

"Tunasubiri fedha, daktari."

Ndivyo tulivyosema sote. Ndivyo alivyosema naye wodini, akipita haraka, Bi Zaituni alipomuuliza jibu la mumewe: "Jibu bado, mama. Tunasubiri fedha." Muuguzi aliyekuwa naye hakuona ajabu, na mimi ningekuwepo nisingeona ajabu pia.

Kesho yake kitanda cha Shamte kilikuwa kitupu. Wa kitanda cha jirani alisema wameondoka alfajiri, hawakuaga. Tulidhani wameogopa kisu. Watu wengi waliogopa kisu na hatukuwalaumu.

Fedha ilikuja na basi la kwanza lililopenya, chupa imefungwa kwenye nguo za dereva. Kwa haki tungeweza kuiweka kabatini, maana mgonjwa hayupo. Bwana Mbonde alinitazama kuona nitafanya nini. Nikakitoa kinyama cha Shamte ndani ya nta, nikakata. Nilipima tui kwenye vyombo vyote mara mbili. Nikawasha jiko, nikazika chombo mchangani, nikaweka slaidi ya Shamte pembeni ya shahidi wa makopa. Nilitoa, nikatazama, nikarudisha. Bwana Mbonde alisimama nyuma yangu akisoma kipimajoto.

Shahidi alitoka mzuri, nyuzi nene nyeusi zenye pingili, wazi kabisa juu ya kijani. Nikahamia kwenye kioo cha Shamte. Katikati ya chembe kulikuwa na nyuzi nyembamba, nyembamba mno, zimesongamana kama nywele zilizonyolewa. Nikarudi kwa shahidi, nikarudi kwa Shamte.

Dakta Kavishe alikuja akatazama zote mbili. Alikaa kwenye stuli, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maabara kwetu.

"Si kuvu," alisema. "Huyu mtu ana dawa kabatini kwangu. Yuko wapi?"

Hospitali ilikuwa na boti ya chanjo. Dakta alikuwa na mgonjwa wa kupasua, akatutuma sisi wawili na mkoba wa dawa. Tuliingia kwenye vijito vya mikoko, Bwana Mbonde akiwauliza watu njia kwa Kindengereko, mpaka tukamfikia Shamte kwake Salale. Alikuwa amekaa barazani, mguu umefungwa khanga na kuwekwa juu ya kinu kilicholazwa.

"Mmeufuata mguu?" aliuliza baada ya salamu.

"Tumeufuata ubaki hapo hapo ulipo," alisema Bwana Mbonde. "Haukatwi. Jibu limetoka. Mbona mliondoka, ndugu yangu?"

Shamte akashangaa tunachouliza. "Daktari kasema anasubiri fedha. Sasa sie fedha pale wodini tutaitoa wapi? Tukaona heri turudi tuitafute."

Ilikuwa miaka ya kuchangia matibabu. Watu walikuwa ndiyo kwanza wanazoea kuambiwa kwamba hospitali si bure tena. Bwana Mbonde alinigeukia, na usoni kwake niliona anafika mahali nilipofika mimi.

"Mkeo yuko wapi?" nilimuuliza.

"Kaenda Mbwera. Kuna mtu wa kamba kautaka mtumbwi wetu siku nyingi."

Nilisimama nikaenda pwani kwenye boti yetu, nimwahi kabla hajauza. Maji yalikuwa yamekupwa na boti imekaa kwenye tope kama nguruwe. Hakuna injini inayotembea juu ya tope. Nahodha wetu alinionea huruma, akasema mpaka maji yajae. Nilikaa kwenye gogo la mkoko nikitazama maji yanavyochelewa, na nasema wazi, hakuna siku ya kazi yangu niliyojisikia vibaya kuliko ile. Kipimo tulikuwa tumekipata. Tulikuwa tumeshinda kila kitu kilichokuwa ndani ya chumba chetu.

Bi Zaituni alirudi maji yalipojaa, kaletwa na mtumbwi wa watu wengine. Alitusalimia vizuri. Hakuketi. Alifungua pindo la khanga yake, akatoa kifurushi, akakiweka mkekani mbele ya Bwana Mbonde.

"Fedha mliyokuwa mkiisubiri hii hapa," alisema. "Sasa mpimeni."

Bwana Mbonde hakuigusa.

"Bibie, fedha tuliyokuwa tukiisubiri si hii. Ni dawa. Iko kwenye chupa. Inaitwa fedha, basi tu."

"Inaitwa fedha."

"Ndiyo."

"Na daktari anajua kama ni dawa?"

"Anajua."

Alikitazama kile kifurushi, kisha akamtazama mumewe, kisha mimi. Hakupandisha sauti.

"Angesema dawa tungengoja," alisema.

Shamte tulimrudisha Kibiti siku ile ile. Alianza sindano na vidonge, na Dakta Kavishe mwenyewe alikaa kwenye ukingo wa kitanda akawaeleza wote wawili kila dawa inaitwaje na inafanya nini. Nilimsikia, maana dirisha la maabara linapakana na wodi. Alipomaliza alikuja kwetu akachukua chupa ya fedha, akabandua karatasi yake, akaandika kwa mkono wake "Dawa Nyeusi". Vijana, ndiyo maana mpaka leo mnaikuta chupa ile na jina ambalo hamlioni kwenye kitabu. Msije mkalibadilisha kwa sababu mmesoma zaidi yetu.

Tangu Shamte, sijawahi kutoa slaidi ya fedha bila shahidi pembeni, wala sijawahi kutoa jibu nisilokuwa tayari kulirudia mbele ya mgonjwa mwenyewe kwa maneno ya nyumbani kwake. Kwa njia ile ya mchanga tuliwaona wengi. Wengine ilikuwa kuvu kweli, wakakatwa, nami nililala nikijua wamekatwa kwa haki. Madaktari wa Dar walianza kutuletea vinyama vyao tuvitie rangi, na Bwana Mbonde alivipokea kama mtu anayepokea mahari. Alistaafu, akanikabidhi kisu na mkanda wa ngozi. Aliniambia, "Sasa deni la pembe za ndovu tumelipana, mtani."

Mguu wa Shamte ulichukua muda mrefu kupona. Matundu yalifunga moja moja, uvimbe ukashuka, kovu likabaki. Mtumbwi haukurudi. Bi Zaituni alikirudisha kile kifurushi cha fedha Mbwera vile vile kilivyokuwa kimefungwa, Dakta Kavishe akamwandikia mnunuzi maneno ya kumwomba, lakini yule bwana alisema ameshanunua, ameshaufungia injini, na biashara ni biashara. Siku zile neno hilo lilikuwa linamaliza mazungumzo. Fedha yenyewe iliisha kwenye nauli za boti na chakula cha miezi ya matibabu.

Miaka kadhaa baadaye nilikwenda Mbwera na watu wa chanjo. Tulipokuwa tunashusha mizigo, mtu aliniita kwa jina kutoka kwenye mitumbwi. Alikuwa Shamte. Alinyanyua mguu akanionyesha unyayo, na tulicheka sote wawili.

"Unavua?" nilimuuliza.

"Navua, dada. Kibarua." Aligonga ubavu wa mtumbwi uliokuwa pembeni yake. "Huu ndio ule."

Mwenye mtumbwi alikuwa ameshakaa ndani, anamngoja. Shamte alishuka matopeni kwa miguu yote miwili, akausukuma.